Umevunjiwa Gari Mwanza? Mwongozo Kamili, Kuanzia Kioo Kilichopasuka Hadi Mahakama ya Watoto

Anayevunjiwa gari mjini hapa mara nyingi huibiwa mara mbili. Mara ya kwanza kioo kinapasuliwa na begi linaondoka. Mara ya pili inakuja saa chache baadaye: laini yake inatumika kuwaomba ndugu pesa, bima inalikataa dai kwa sababu gari limeshasafishwa na kioo kimeshabadilishwa, na kijana aliyekamatwa, ambaye pekee anajua begi limeuzwa kwa nani, amepigwa hadi hawezi kusema neno.

Wengi wanajua cha kufanya, ila wanakifanya kwa mpangilio uliopinduka. Wanaanza na fundi wa vioo na kumalizia polisi, wakati ilipaswa iwe kinyume chake. Fuata namba kama zilivyo. Ruhusa ya kubadili mpangilio ni moja tu: kama kijana aliyevunja ameshikwa papo hapo, nenda moja kwa moja Hatua ya 3, kisha urudi ya 1.

## Vitu vya kuandaa kabla hujavunjiwa

Andika haya kwenye karatasi iliyoko nyumbani, na nakala umwachie mtu unayemwamini:

- IMEI ya simu yako, yaani namba ya pekee ya kuitambua simu yenyewe (bonyeza *#06#), na namba iliyoandikwa chini ya laptop.
- Namba ya chesesi ya gari, namba ya hati ya bima na simu ya wakala wako wa bima.
- Namba ya huduma kwa wateja ya benki yako, ile iliyoandikwa nyuma ya kadi ya ATM. Kadi ikiibwa, namba hiyo inaondoka nayo.
- Namba yako ya NIDA.

Kwenye buti weka glavu nene, nailoni ngumu ya mita mbili hivi, selotepu pana, brashi ndogo, tochi na mfuko mtupu wa salfeti.

Kadi halisi ya gari isikae ndani ya gari. Tembea na nakala. Mwizi akiondoka na kadi pamoja na leseni yako, ameshika karatasi zinazomwezesha tapeli kujifanya ndiye mwenye gari.

## Hatua ya 1: Simama, tazama, usiingie

Ukilikuta gari limevunjwa, usikimbilie kufungua mlango. Simama hatua chache pembeni na utazame kwanza. Huenda aliyevunja bado yupo ndani au upande wa pili wa gari, na kijana aliyebanwa kwenye kona hupigana. Kama ni usiku na eneo limetulia, tuseme umeegesha kwenye kichochoro nyuma ya Soko Kuu au pembeni ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba boti zikiwa hazijarudi, tafuta mtu wa pili kabla hujasogea. Dharura ya polisi ni 112.

Usiwashe gari. Siku hizi wezi hawachukui begi tu, wanang'oa na kontrol boksi, redio na swichi za vioo. Nyaya zikiwa zimekatwa na kuachwa wazi, ukiwasha unaweza kuunguza vilivyobaki. Mwite fundi umeme aangalie, au livutwe.

Ukishahakikisha hakuna mtu ndani wala karibu, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 2: Funga simu na pesa ndani ya robo saa

Kioo hakikimbii. Pesa zinakimbia. Ndiyo maana hatua hii iko mbele ya picha na mbele ya polisi.

Azima simu ya mtu yeyote, piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao ya simu nchini, na uombe laini yako ifungwe. Mtandao wa simu uliyoazima ukiwa tofauti na wako, tafuta mwenye laini ya mtandao wako, kwa sababu 100 inakupeleka kwa mtandao wa simu inayopiga. Watakuuliza maswali ya kukutambua, na hapo ndipo ile namba ya NIDA inafanya kazi.

Baada ya laini, piga benki wafunge kadi. Kisha wapigie watu watatu au wanne wanaokutumia au kukuomba pesa mara kwa mara: mke au mume, kaka, mweka hazina wa kikoba. Waambie, "Simu yangu imeibwa, msitume hata shilingi mpaka mnisikie kwa sauti yangu." Ujumbe wa "naomba unitumie kwenye namba hii" huanza kutoka mapema sana.

Onyo: Usijifariji kwamba wezi hawana namba yako ya siri. Wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa, na kitambulisho chenye mwaka huo kilikuwa kwenye pochi ileile. Na kama una programu ya kuitafuta simu kwa ramani, itumie kufunga simu na kumwonyesha mpelelezi. Usiifuate nukta ya ramani mwenyewe usiku kwenda Mabatini au Igogo. Ramani inaonyesha eneo. Haionyeshi nyumba, na watu wasio na hatia wamewahi kuvamiwa kwa sababu hiyo.

Kipimo cha mafanikio: ukiipigia namba yako mwenyewe, haipatikani.

## Hatua ya 3: Kama kijana amekamatwa

Hatua hii nitaikalia kwa muda, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika vibaya zaidi, na yakiharibika hayarekebishiki.

Usipige kelele ya "mwizi". Ukisema neno hilo katikati ya Makoroboi au Mlango Mmoja, umati unaokuja si wako. Hutauamuru wala hutausimamisha. Wapo watakaokuja na mawe bila kujua kilichoibwa ni nini. Piga kelele ya "nisaidieni", au mwite mlinzi, bodaboda unayemfahamu, mwenye duka. Watu watano wanaokujua wanatosha kumshika mtoto mmoja.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti kwamba amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ruhusa inaishia hapo. Haikupi haki ya kumpiga, kumvua nguo, kumfunga kamba au kumtembeza mtaani. Akifa mikononi mwa kundi ulilolikusanya, wewe hutakuwa tena mlalamikaji wa kioo, utakuwa mshitakiwa wa mauaji, na adhabu ya kuua kwa kukusudia Tanzania ni kunyongwa.

Mwangalie vizuri huyo uliyemshika. Wengi wanaovunja magari kwa ajili ya begi ni watoto waliolala nje, wengine wana miaka 12 au 13, na wengine wamevuta gundi ya viatu mchana kutwa ili wasisikie njaa na baridi. Jambo hili wachache wanalijua: mtu aliyevuta gundi akikimbizwa sana au akitiwa hofu kubwa, moyo wake unaweza kusimama ghafla, hata bila kuguswa. Ukimwona anatetemeka, anapepesuka au hapumui sawasawa, mketishe mahali penye hewa, mtoe kichupa cha gundi, asikimbizwe tena. Akianguka, mpelekeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando kabla ya kituoni.

Sasa fanya hivi:

1. Mketishe chini, pembeni, mbali na umati. Mtu mmoja tu aongee naye.
2. Muulize jina, umri, anapolala, na kama kuna mtu mzima anayepokea vitu anavyoiba. Muulize kwa sauti ya kawaida: "Mdogo wangu, begi limeenda kwa nani?" Usimwahidi kitu na usimtishe.
3. Piga 112. Piga pia 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, useme uko na mtoto aliyekamatwa na unaogopa umati.
4. Akabidhiwe kwa polisi mbele ya mashahidi wawili, na uandike majina yao.

Kwa nini nasisitiza asipigwe, mbali na kwamba ni mtoto wa mtu? Kwa sababu mtoto wa miaka 13 hana kazi na laptop. Yupo mtu mzima anayeinunua kwa bei ya chakula cha siku mbili na kuiuza kwa bei ya laptop. Mtoto ndiye njia ya kumfikia huyo. Ukimvunja taya, umeifunga hiyo njia kwa mikono yako, na mnunuzi anaendelea kutuma watoto wengine.

Onyo: Usimpige picha ya uso na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Mambo ya mtoto aliye kwenye mgogoro na sheria yanalindwa yasitangazwe. Picha hiyo itamfuata hadi utu uzima, na mwanasheria wake anaweza kuitumia kuonyesha mtoto alivyotendewa.

Umefaulu kama kijana amefika kituoni akiwa anatembea kwa miguu yake na anaweza kuongea.

## Hatua ya 4: Piga picha kabla ya kugusa

Anza mbali ukienda karibu. Piga gari zima na mazingira yake, ionekane limeegeshwa wapi: ubao wa duka, nguzo, geti. Halafu namba ya gari. Halafu kioo kilichopasuka kutoka nje na kutoka ndani, vioo vilivyomwagika kwenye kiti, sehemu iliyong'olewa, jiwe au chuma kama kimeachwa. Hicho kitu usikishike. Kinaweza kuwa na alama za vidole.

Angalia pia vioo viko upande gani. Vikiwa vingi ndani, ni ushahidi kwamba kioo kilipigwa kutoka nje, na bima huuliza hilo.

## Hatua ya 5: Tafuta kamera na waliokuwepo

Maduka, mabenki, sheli na hoteli nyingi za katikati ya mji zina kamera. Shida ni kwamba mashine hurekodi juu ya picha za zamani, kwa hiyo ukisubiri wiki hutakuta kitu. Nenda siku hiyohiyo, ongea kwa adabu na meneja: "Shikamoo mzee, gari langu limevunjwa hapo mbele kati ya saa moja na saa mbili usiku. Naomba msifute picha za muda huo, polisi watakuja kuziomba." Wengi hawatakupa wewe nakala, na si lazima wakupe. Unachotaka ni zisifutwe.

Waulize pia mama lishe, wauza karanga na bodaboda wa kijiwe cha karibu. Hao wanaona kuliko kamera. Tiketi ya maegesho itunze, maana inathibitisha saa na mahali, ingawa ushuru wa maegesho haumaanishi kwamba gari lilikuwa linalindwa.

## Hatua ya 6: Polisi, na namba ya RB

Nenda kituo kilicho karibu na tukio, siku hiyohiyo. Ukiwa unaishi Buhongwa na gari limevunjiwa Kirumba, ni Kirumba.

Sema mambo manne kwa utaratibu: wapi, saa ngapi uliliacha gari na saa ngapi ulilikuta, nini kimeharibiwa, nini kimeibwa. Toa IMEI na namba ya laptop. Usiongeze kitu ambacho hakikuwepo. Maelezo yako ukiyasaini yatasomwa tena na mtu wa bima na pengine hakimu, na uongo mdogo wa saa ya mkononi unaweza kuangusha dai zima.

Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, jina la mpelelezi na namba yake ya simu. Kufungua RB hakulipiwi. Kama umeumia, omba PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, ila kama unavuja damu, hospitali kwanza.

Kama anayehusika ni mtoto, omba suala lipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto na Afisa Ustawi wa Jamii aitwe. Tukio likiwa Nyamagana, ni ofisi ya Jiji la Mwanza. Likiwa upande wa Ilemela, ni ofisi ya Manispaa ya Ilemela. Watu huzunguka siku nzima kwa kukosea hapo.

Ukishapata RB, rudi kwa mtandao wako uombe IMEI ya simu ifungiwe isifanye kazi kwenye laini yoyote. Hapohapo rudisha laini yako kwa alama za vidole, halafu piga *106# uone kama kuna namba usiyoijua iliyosajiliwa kwa NIDA yako. Vitambulisho vilivyopotea vina ripoti yao ya kupotelewa, ambayo siku hizi hujazwa kwenye mfumo wa polisi wa mtandaoni.

## Hatua ya 7: Funika na safisha

Sasa ndiyo zamu ya brashi.

Vaa glavu. Kioo cha mlangoni hupasuka vipande vidogo kama punje za mahindi, na punje hizo huingia kwenye mikunjo ya kiti, kwenye mkanda na ndani ya mlango. Zizoe kubwa kwa mkono uweke kwenye salfeti, nyingine kwa brashi, kisha peleka gari kwa waosha magari wenye mashine ya kunyonya vumbi. Kiti cha mtoto kitoe nje ukikung'ute mara mbili.

Usibonyeze swichi ya kile kioo kilichovunjika. Vipande vilivyo ndani ya mlango vitasaga mota na reli.

Ukingo wa juu wa nailoni upite juu ya mlango na uingie ndani, wa chini ubaki nje, ili maji ya mvua yateremke nje. Mvua ya Mwanza huja ghafla kutoka ziwani, na maji yakiingia kwenye swichi za mlango utalipa zaidi ya kioo. Selotepu ibandike kwenye fremu na raba, maana jua la mchana huigandisha kwenye rangi na ukiibandua inatoka nayo. Kama nailoni inakuzibia kioo cha pembeni, usiendeshe usiku.

## Hatua ya 8: Bima, halafu fundi

Bima ndogo haikulipi kioo chako. Inamlipa yule uliyemgonga. Mwenye bima kubwa ndiye anayesoma hapa.

Mjulishe wakala siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe. Peleka fomu ya madai, RB, picha, nakala ya leseni na kadi ya gari, na makadirio ya gereji. Subiri wakague au wakuruhusu kwa maandishi kabla ya kutengeneza. Jua pia kwamba kuna kiasi cha kwanza utakachobeba mwenyewe, na kwa kioo kimoja cha mlango pengine kiasi hicho kinakaribia bei ya kioo chenyewe. Piga hesabu kabla ya kuhangaika. Laptop na simu kwa kawaida haziingii kwenye bima ya gari.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ukiona umeonewa, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa fundi, dai mambo mawili: mlango ufunguliwe na kusafishwa ndani kabla ya kioo kipya, na risiti. Kioo au saiti mira ya bei ya kutupa isiyo na risiti huenda ilikuwa kwenye gari la mwenzako juzi. Wapo wanaokwenda kununua tena vitu vyao wenyewe kwa madalali. Naelewa uchungu wake, lakini kupokea mali ya wizi ni kosa, na biashara hiyo inalipwa kwa pesa zako. Ukikiona kitu chako dukani, piga picha kwa mbali, mpigie mpelelezi, mwache aingie yeye.

Kioo kipya kipandishe na ukishushe mara tano mbele ya fundi. Kikipanda sawa bila kukwaruza, mlipe.

## Hatua ya 9: Siku ya Mahakama ya Watoto

Hapa ndipo walalamikaji hupotea. Wakishapata kioo, hawarudi, na kesi inakufa.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama ana ndevu. Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa. Mahakama ya Watoto hukaa faragha, Afisa Ustawi wa Jamii akiwepo na mzazi au mlezi akipatikana. Mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Anaweza kuachiwa kwa masharti chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho, ambayo iko Irambo, Mbeya, mbali sana na Mwanza.

Usiende ukitarajia kulipwa. Mahakama inaweza kumwamuru mzazi alipe fidia, lakini watoto wengi wa hapa wametoka Geita, Shinyanga, Simiyu au visiwani, na mzazi mwenyewe hajulikani alipo. Kesi pia si yako, ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi, huwezi kuifuta kwa kupatana mtaani na mjomba wake kwa shilingi elfu hamsini. Ukitaka kusamehe, au ukitaka mtoto asaidiwe badala ya kuadhibiwa, mwambie Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya kesi kusikilizwa, aliweke kwenye ripoti yake. Hakimu huisoma ripoti hiyo.

Mweleze pia afisa kuhusu mashirika kama Railway Children Africa, ambayo hufanya kazi na watoto wanaoishi mitaani jijini hapa. Na sisitiza jambo moja kwa mpelelezi: mnunuzi. Kama mtoto alimtaja mtu mzima, uliza jalada la huyo limefikia wapi. Uliza tena mwezi unaofuata.

Namba ya RB usiitupe hata baada ya hukumu. Polisi wakikamata shehena ya laptop au simu, huwatafuta wenye mali kwa namba zilizo kwenye majalada, na asiye na RB hana namna ya kuonyesha kwamba ile ni yake.